Msomaji wa Mita

Miaka ishirini na sita nimesoma maji ya watu.
Isevya, Cheyo, Kiloleni, Ng'ambo,
nimefunua vifuniko, nimefuta utando wa buibui kwa kidole,
nimeandika tarakimu kwenye daftari la mamlaka,
na mbwa wote wa Chemchem wananijua kwa harufu.
Nikikuta mshale unazunguka na bomba zote zimefungwa
namwambia mwenye nyumba: mama, kuna mahali panavuja.

Yangu yalipovuja sikumwambia mtu.

Yalikuwa rangi ya juisi ya rozela.
Mara moja tu. Kisha wiki tatu safi kabisa,
nikasema ni jua, ni baiskeli,
ni karanga za Urambo nilizotafuna mbichi.
Hayakuuma. Hapo ndipo nilipodanganyika:
kwetu kisichouma hakipewi jina.

Tena damu hiyo tulishajuana.
Puge, kwenye majaruba ya mpunga, mimi na Nkwabi na Shija,
maji ya magotini, vuguvugu,
konokono wadogo wameganda kwenye mabua.
Tulishindana kukojolea kichuguu,
na aliyemalizia matone mekundu tulimpigia makofi:
amekuwa mwanamume!
Dada zetu wana yao, nasi tuna yetu.
Wakubwa walipita na majembe yao, wakacheka.
Vidonge vilifika shuleni
mimi nimeshaondoka.

Kalunde ndiye aliyesoma mita.
Alikuwa anasugua choo, akaja mlangoni
brashi inachuruza mkononi:
"Mihayo, hii ni ya nani?"
Kana kwamba humu ndani tuko wengi.

Kitete. Kikombe chenye kifuniko.
Jeli ya baridi chini ya kitovu.
Binti wa kipimo akasogeza kidude chake mbele, nyuma,
akanyamaza,
akarudia palepale, akanyamaza zaidi.
Daktari Lwitiko akachora kibofu nyuma ya cheti, kama kibuyu,
na ndani yake uyoga,
kama ule unaouzwa kwa visado mvua za kwanza.
Akasema: saratani.
Hakusema "ule ugonjwa".
Nilikuja kumshukuru, lakini si siku ile.

Mwanza, Bugando, mlimani.
Kamera nyembamba ikapita njia waliyopita wanangu.
Nimesoma mita maelfu,
sikuwahi kuona ndani ya bomba.
Wakakata kipande, kikaenda maabara.
Siku kumi na tisa nililala kwa shemeji, Nyegezi,
nikisoma mita yao kila asubuhi
bila kutumwa na mtu.

Jibu: imeshaingia kwenye msuli.
Kibofu kitoke, kitoke chote.
Mimi nikatazama viatu vya daktari.
Kalunde akauliza nililokuwa nimelimeza:
"Sasa atakojolea wapi?"

Hapa. Kulia kwa kitovu.
Wamechukua kipande cha utumbo wakafanya mfereji,
na mwisho wake tundu dogo jekundu,
lenye unyevu kama ndani ya shavu.
Juu yake mfuko.
Mwezi ambao mifuko haikufika
tunaosha ule wa jana, tunauanika chumbani.
Kanisani nakaa benchi la nyuma, karibu na mlango.
Usiku Kalunde analala upande wa kushoto,
alioukataa miaka thelathini.

Daftari la zamani lilikuwa na kurasa zimebaki.
Naandika: Jumanne, lita moja na robo, safi.
Jumatano, lita moja. Nywa maji, mzee.

Februari nilikwenda Puge.
Watoto walikuwa majini, kama sisi,
na mmoja amesimama kwenye tuta, anashangiliwa.
Sikuwa na hotuba.
Nikapandisha shati.
Kelele zikakatika, hata chura nilimsikia.
Yule wa kwenye tuta akasogea, akainama, akatazama
mfuko ukijaa taratibu.
"Babu, lilianza kwa kuuma?"
"Hapana," nikamwambia.
"Ndiyo maana nimekuja."